Chensoo ya bei chee: tuitengeneze au tuitupe?

Mambo vipi wadau, karibuni tena gereji. Leo mezani nina hii chensoo ya rangi ya chungwa, zile zenye stika ya 5800 mnazoziona kwenye kila duka la pembejeo. Mwenyewe aliinunua 250,000, akakatia kuni msimu mmoja, ikazima shambani na haikuwaka tena. Dukani wamemwambia mashine hizi hazitengenezwi, nunua nyingine. Sawa, wao wanauza mashine, mimi nauza ufundi, kila mtu anavutia kwake. Tuiangalie yenyewe.

Kabla ya kushika spana, swichi imezimwa, naishika kwa kishikio cha kamba ya kuwashia halafu naiachia ining'inie. Ikiwa na mgandamizo mzuri, yaani pistoni inaibana hewa vizuri ndani ya silinda, itashuka kwa kusitasita, inakwama, inashuka tena. Hii… mmeona? Imeshuka kama ndoo iliyokatika kamba. Hakuna kitu humo.

Nafungua ekzosi, ni boliti mbili tu. Sogeza kamera hapa. Kwenye hili tundu pistoni inaonekana, ina mistari kutoka juu mpaka chini, kama mtu kaipiga msasa. Upande wa pili, wa kabureta, bado inang'aa.

Sasa mafundi wengi hapa wanaweka pistoni mpya, inawaka, wanachukua hela yao. Wiki mbili, mteja huyo mlangoni. Pistoni haijajichubua yenyewe jamani! Tazama huu mpira mweusi, unaokaa kati ya kabureta na silinda. Kwa macho ni mzima. Naukunja kidogo… huo ufa, umeuona? Hapo inavuta hewa ambayo kabureta haina habari nayo. Petroli inakuwa kidogo kuliko hewa, na kwenye injini hizi oili inakuja humo humo na petroli. Petroli ikipungua, na oili imepungua. Mashine inalia kwa sauti nyembamba, inakimbia kweli kweli, mwenyewe anafurahi eti leo ina nguvu. Kumbe inaungua.

Na mchanganyiko wenyewe, nilipomuuliza anapimaje, akaniambia kwa macho, ikishabadilika rangi basi. Kaka, petroli lita 5, oili ya 2T mililita 200. Hiyo ni 25 kwa 1. Nunua chupa yenye alama.

Hesabu yangu kwa hii: silinda na pistoni na ringi zake 45,000, mpira 5,000, kabureta 20,000 kwa sababu hizi za kichina sioshi, nabadilisha nzima, mpira wa petroli 2,000, ufundi 20,000. Jumla 92,000. Inalipa. Inalipa kwa sababu viwanda vyao vinaigana, spea zinaingiliana na zimejaa madukani. Ila nenda na pistoni yako ya zamani mkononi, usitaje namba ya stika. Pistoni ya milimita 45 na ya 45.2 ukiziweka mezani ni mapacha, ukija kufunga ndio unajua.

Ambayo sitengenezi ni ipi? Shika flaiwili, lile gurudumu zito upande wa kamba ya kuwashia, itikise juu chini. Ikicheza, beringi za kranki zimekwenda, na hapo ni kupasua injini yote. Hiyo vua kabureta, vua koili, weka akiba. Na breki ya cheni ikiwa haikamati na huna mpango wa kuibadilisha, usiniletee kabisa. Ncha ya mbele ikigusa gogo, mashine inarudi usoni kwako kabla hujapepesa jicho.

Kitu kingine kinachoua hizi ni pampu ya oili ya cheni. Chukua kipande cha boksi, elekeza ncha, vuta mafuta. Lazima mstari wa oili ujichore kwenye boksi. Hausomeki? Usikate. Na hiyo oili chafu mnayoimwaga kutoka kwenye magari mnawekea humu, ina vumbi la chuma, inaziba pampu halafu lawama kwa Mchina.

Matumizi: kuni, matawi, mlingoti (mkaratusi) mmoja mmoja shambani, hapo iko vizuri. Kupasua mbao, hapana. Wale mnaowaona huku Mufindi wanapasua gogo kwa urefu wake wanatumia kina Stihl 070, mashine ya cc 106, karibu mara mbili ya hii. Kupasua mbao injini inabanwa mafuta yote dakika nzima nzima bila kupumua. Ukiipeleka hii huko utaipika, na mimi nitakupokea vizuri tu, wateja wangu nusu wanatoka huko.

Haya, nimeshafunga. Choki… moja… mbili… imekohoa. Natoa choki. Tatu… hiyo hapo! Sikiliza sailensa, yaani muungurumo wake bila kuvuta mafuta, ilivyotulia, na cheni imesimama, haizunguki. Nafungua kidogo skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima petroli mashine ikivutwa mwisho, nataka ikivutwa mwisho iwe na sauti nzito, isilie kama mbu. Hapo hapo.

Naizima. Ikipoa nitakaza tena zile boliti mbili za ekzosi, zikishapata moto mara ya kwanza huwa zinalegea. Halafu nampigia mwenyewe aje na chupa yenye alama, bila hiyo simpi mashine.