Uzoefu wangu na shirika la hisani lililotupokea tulipokimbia mashambulizi: nyota nne kati ya tano

Nimehudumiwa na shirika hili kwa miezi 16. Nilifika kwao na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni, mwingine wa miaka sita nimemshika mkono, na mama mkwe ambaye magoti yalimwishia njiani. Jina lao silitaji, kwa sababu bado wanafanya kazi mahali ambapo mtu kuonekana nao kunaweza kumponza. Lakini naulizwa sana. Wapo waliokimbia makwao wanaotaka kujua kama wajiandikishe, na wapo wenye uwezo wanaotaka kujua kama pesa zao zinafika. Nawajibu wote hapa.

Kwanza nieleze nimelipimaje. Aliye mbali na mapigano hudhani hasara kubwa ni nyumba iliyochomwa. Nyumba inauma, ndiyo. Ila kilichonimaliza mimi ni kutojua. Hujui usiku huu utalala au utakimbia. Hujui kama aliyekwenda kuchota maji atarudi. Unaacha kupanda kwa kuwa hujui kama utavuna, unaacha kumpeleka mtoto chanjo kwa kuwa hujui nani yuko barabarani, na hata baada ya milio kunyamaza mwili unabaki umesimama tayari kukimbia. Kwa hiyo swali langu kwa shirika hili lilikuwa moja: wakisema Jumanne, wanakuja Jumanne?

Dada wa meza ya kuandikisha aliniuliza jina. Kwa mazoea nikataja la mume wangu. Akasema, "Hilo nitaliandika pia, dada. Sasa nipe lako." Kadi ya mgao ikatoka kwa jina langu. Kabla sijainuka akaniambia leo nitapata turubai, blanketi na ndoo, kesho asubuhi muuguzi atawapima watoto, na mgao ni Jumanne na Ijumaa. Akanirudishia yale yale mara ya pili, taratibu, kwa sababu aliona sisikii vizuri. Jumanne ilipofika, walikuja.

Asubuhi ile ya muuguzi siisahau. Alimshika mdogo mkono wa kushoto, akatafuta katikati ya bega na kiwiko, akazungusha utepe wa rangi tatu. Kijani ni milimita 125 kwenda juu. Njano ni kuanzia 115 hadi hapo. Chini ya 115 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kidirisha cha utepe kikasimama kwenye 112. Nilikuwa nimembeba siku zote zile na sikuona kitu, maana mgongoni alikuwa mzito. Kumbe uzito ule ulikuwa uchovu wangu mimi.

Muuguzi akafungua pakiti ya chakula tiba, ile lishe laini ya karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini, gramu 92 zenye kalori 500, akakaa kumtazama akila. Nikamuuliza kwa nini asinipe tu niende nayo. "Asipokuwa na hamu ya kula siwezi kumrudisha hemani, mama. Lazima alazwe." Alikula, polepole, akalamba na pakiti yenyewe. Tukapewa za wiki nzima na tarehe ya kurudi. Wiki ya tisa utepe ulisoma 126, na bado walitaka waone kijani tena wiki inayofuata ndipo wamtoe kwenye programu. Kama una mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano na umetoka kwenye taabu, usingoje aonekane mgonjwa. Nenda akapimwe mkono. Ni jambo la dakika moja.

Mkubwa shida yake haikuonekana kwenye utepe. Kitu chochote kikianguka, sufuria, ndoo, hata kitabu, alikuwa anaingia chini ya chochote kilicho karibu na kubaki huko. Shirika lina uwanja wa watoto, sehemu iliyozungushiwa uzio ambako wanacheza na kujifunza kidogo. Nilikaa naye siku ya kwanza nikidhani wataanza kumhoji kuhusu yaliyotokea. Hawakumhoji. Nilichokiona ni mwalimu anayetangaza kila sauti kabla haijatokea. "Sasa nafunga mlango." Anafunga. "Nikihesabu tatu nitapiga kengele." Moja, mbili, tatu, anapiga. Siku nzima hivyo, bila kuchoka, kwa watoto wote. Baada ya wiki kadhaa mwanangu akaanza kunitangazia na mimi hemani: "Mama, naweka ndoo chini." Halafu anaiweka. Nilielewa kwamba amejifunza sauti inaweza kujulikana kabla ya kusikika, na usiku ule alilala hadi asubuhi.

Na sisi watu wazima hatukulazimishwa kusimulia. Baadaye nilijua kwamba huo ndio utaratibu wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo Shirika la Afya Duniani na wenzake walitolea mwongozo mwaka 2011: unatazama nani anahitaji nini, unasikiliza anayetaka kusema, unamuunganisha na msaada. Kumchimba mtu habari zake siku mbili baada ya kuona aliyoyaona si tiba.

Kuna jambo jingine nataka kila mwanamke anayesoma hapa alijue, kwa sababu mimi sikulijua na yupo jirani yangu aliyechelewa. Aliyebakwa anaweza kupewa dawa za kuzuia VVU zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kusaidia hadi saa 120. Zahanati ya shirika hili ilimhudumia mtu kwanza. Haikumtaka aje na karatasi ya polisi, na faragha waliitunza. Hata saa hizo zikipita, nenda. Bado kuna magonjwa ya kutibiwa, majeraha, na mtu wa kukaa naye.

Sasa nyota niliyoipunguza.

Vyoo vilijengwa haraka, nyuma ya mahema, gizani, na milango haikuwa na komeo. Kwa wiki nyingi wanawake tulikwenda watatu watatu, mmoja akiushika mlango kwa nje. Wengine waliacha kunywa maji kuanzia alasiri ili wasiamke usiku, na wakaanza kuugua. Wakati huo nilikuwa nimeingia kamati ya wakazi, na huko tulioneshwa viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yalianza kuviandaa mwaka 1997: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, bomba moja lisizidi watu 250, choo kimoja kisizidi watu 20, na kifungike kwa ndani. Nilishangaa kwamba haya yameandikwa, na kwamba mtu kama mimi naweza kuyashika na kuuliza. Nikaenda dawati la malalamiko. Wakaniandikia, wakanipa namba ya lalamiko na tarehe ya majibu.

Walichelewa siku nne kupita tarehe ile. Lakini fundi alikuja. Alifunga komeo dogo la chuma kwa ndani, skrubu nne, akaenda mlango unaofuata. Niliingia nikafunga, nikafungua, nikafunga tena, nikasimama mle ndani bila haja yoyote. Tangu tuondoke kwetu sikuwa nimefunga mlango kwa mkono wangu.

Kosa lililoniuma zaidi ni la mama mkwe. Walipobadilisha mfumo wa mgao, kila mtu alitakiwa kuweka kidole kwenye mashine. Mama amelima na kufua maisha yake yote, alama za vidole zimefutika kabisa. Mashine ikakataa cha kwanza, ikakataa cha pili, ikakataa vyote kumi. Kijana wa mashine alimfuta vidole kwa kitambaa, akajaribu tena, mwishowe akasema, "Samahani, mama, hausomeki." Mama alitazama mikono yake, akaificha kwenye nguo. Mwezi mzima hakupata mgao wake. Tuligawana wangu. Walipokuja kurekebisha, wakaruhusu mtu asiyesomeka vidole atambuliwe kwa kadi na mwakilishi aliyemchagua mwenyewe, jambo ambalo lingeweza kufikiriwa kabla mashine haijaletwa. Wazee si wachache miongoni mwetu, na wao ndio waliofanya kazi za mikono kwa muda mrefu kuliko wote.

Kosa la tatu ni la 2025. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari mwaka ule, mashirika mengi yalitikisika, hata yale yaliyopokea pesa zake kwa kupitia mengine. Sikulaumu shirika letu kwa kupungukiwa. Ninalowalaumu ni kwamba tuliona karatasi imebandikwa kwenye nguzo asubuhi ya mgao: nusu, kuanzia leo. Watu walikuwa wamekopa wakitegemea kulipa siku ile. Mimi nilikuwa nimempa jirani akiba yangu kwa uhakika kwamba Ijumaa napokea. Wangetuambia wiki mbili kabla, tungepanga. Wao ndio waliotufundisha upya kupanga, halafu wakatufanyia vile. Mkuu wao alikuja kwenye kamati akakiri kosa, na tangu siku ile mabadiliko yanatangazwa mapema, kwa mkutano na kwa kipaza sauti, kwa sababu si wote wanasoma nguzo. Nilimheshimu kwa kuja mwenyewe.

Kuhusu wenyeji waliotupokea: mwanzoni msaada ulikuja kwetu tu, nao walitutazama tukipokea huku watoto wao wakipanga foleni kwenye bomba lile lile. Chuki ikaanza. Walipofungulia zahanati na uwanja wa watoto kwa wote, ikatulia sana.

Kwa aliyekimbia na anasitasita kujiandikisha: nenda. Kama hujavuka mpaka wa nchi yako, hujapoteza haki zako za raia. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani zinasema hivyo waziwazi, na zinasema jukumu la kwanza la kukulinda ni la serikali yako; shirika linasaidia tu. Uliza taarifa zako zinahifadhiwa wapi na nani anaziona. Shirika letu lilinijibu swali hili bila kukasirika. Na ujue msaada ni bure. Tangu 2002 mashirika ya kibinadamu yanayoshirikiana na Umoja wa Mataifa yana kanuni ya pamoja kwamba mfanyakazi anayedai ngono ili akupe msaada ametenda kosa kubwa la kufukuzisha kazi. Akikudai hivyo, au akidai pesa, kamripoti. Kwetu bango la maneno hayo lilikuwa mlangoni pa ghala, kwa lugha tunayoisema, na mtu mmoja aliondolewa kazini nikiwepo.

Kwa mwenye kutoa: toa pesa, usitume nguo zilizozidi kabatini. Nguo hizo zilikuja marundo, viatu vya mguu mmoja mmoja, na watumishi watatu wakatumia siku nzima kuzichambua badala ya kugawa mablanketi. Kidogo cha kila mwezi kina maana kubwa kuliko kikubwa cha mara moja pale picha zinapokuwa kwenye habari, kwa kuwa cha kila mwezi ndicho kinachowawezesha kutuambia Jumanne na iwe Jumanne kweli. Kabla ya kutoa, waulize swali hili: aliyehudumiwa akiwa na malalamiko anayapeleka wapi, na anajibiwa baada ya siku ngapi? Wasiojua kujibu, mimi nisingewapa.

Sasa tumehama kambini, tumepanga chumba. Mdogo anakimbia. Mama ana mwakilishi wake, ambaye ni mimi, na bado hapendi kuonesha vidole.

Kaka yangu hatujampata. Tulipoteana usiku wa kwanza. Shirika lilinipeleka kwa watu wa Msalaba Mwekundu, ambao kazi hii ya kutafutia watu ndugu zao wanaifanya tangu karne ya 19, na ni bure. Niliandika ujumbe wa Msalaba Mwekundu, karatasi ya wazi isiyofungwa, habari za familia tu, kwa maana inapita mikononi mwa wengi. Niliandika kwamba mama mkwe yuko hai, watoto wako hai, na mtoto mdogo ameanza kusema jina lake. Yule dada wa meza ya kuandikisha ndiye anayenifuatilia. Hunipigia kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, hata kama hana jipya. "Bado, dada. Ila ombi liko wazi, na nitapiga tena mwezi ujao." Alhamisi iliyopita simu iliita saa ile ile.