Vifaa vya sungura mwenye yabisi ya viungo: kipi kinafaa, kipi kiachwe dukani

Sungura mwenye maumivu ya viungo halalamiki. Huacha jambo moja baada ya jingine: harukii tena kiboksi alichokizoea, anakojoa hatua mbili kabla ya kufika kwenye trei, mba inajaa mgongoni kwa sababu hawezi kujipinda kujilamba, na nta inarundikana masikioni kwa kuwa mguu wa nyuma haufiki tena kukuna. Ukiona dalili hizo, usikimbilie dukani. Daktari wa wanyama amshike kwanza viungo na uti wa mgongo, na ikiwezekana ampige picha za eksirei. Udhaifu wa miguu ya nyuma unaweza pia kuletwa na kimelea kiitwacho Encephalitozoon cuniculi, au na vidonda vya visigino, na hayo hayatibiwi kwa mkeka mpya.

Ikishajulikana kuwa tatizo ni viungo, maduka yana mengi ya kukuuzia: poda, matone, mikanda, vitanda. Tathmini hii inaanza na sakafu kwa makusudi. Kama pesa zinatosha kitu kimoja tu baada ya dawa ya daktari, nunua kitu cha kukanyagia.

Sakafu

Nyayo za sungura hazina vifuko laini kama za paka au mbwa; chini ni manyoya matupu. Kwenye vigae au mbao zilizopakwa vanishi huteleza kama mtu aliyevaa soksi. Sungura mwenye afya anajizuia kwa nguvu za misuli. Mwenye yabisi hawezi: miguu ya nyuma inafunguka pembeni, nyonga na magoti vinavutwa, anaumia, anaacha kutembea, misuli inasinyaa, na kiungo kisichoshikiliwa na misuli kinauma zaidi. Mzunguko huo hukatwa na sakafu yenye mshiko.

Kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote ni zulia la manyoya la kitabibu, lile ambalo wengi hulijua kwa jina la Vetbed. Manyoya yake ni ya poliesta, yamesimama wima, na kitako chake kinapitisha maji. Mkojo hushuka chini na juu panabaki pakavu, jambo muhimu sana kwa mnyama anayelala muda mrefu mahali pamoja. Huuzwa kwa aina mbili: yenye kitako cha kitambaa na yenye kitako cha mpira usioteleza. Kwa vigae chukua ya mpira. Ile ya kitambaa itateleza yenyewe na sungura akiwa juu yake.

Malalamiko mengi kwamba zulia hili linanuka hutokana na kukosa tabaka la chini. Zulia halinyonyi mkojo, linaupitisha tu. Usipoweka magazeti kadhaa au pedi ya kunyonya chini yake, mkojo unatuama sakafuni na kurudi juu sungura anapokanyaga. Tabaka hilo libadilishwe kila siku. Zulia lenyewe lifuliwe kwa nyuzi joto 40, bila dawa ya kulainishia nguo, kwa sababu dawa hiyo hubaki kwenye nyuzi na kupunguza uwezo wa kupitisha maji. Nunua vipande viwili angalau, kimoja kikiwa kwenye kamba kingine kiko kazini.

Ukitaka kulikata, ligeuze na ukate kitako peke yake kwa wembe, kisha vuta vipande viachane. Mkasi unakata na manyoya, na wiki nzima utaokota nyuzi. Vuta nyuzi zilizolegea pembezoni kabla ya kumpa sungura, na kingo zikandamizwe chini ya trei au fremu ya uzio. Sungura anayelitafuna na kumeza nyuzi asiachiwe hata kidogo: hatapiki, na tumbo la sungura asiyetembea sana huwa tayari linasuasua.

Zulia la kawaida la sebuleni linafaa kwenye eneo la mazoezi, ila lisiwe la vitanzi. Kucha hunasa kwenye kitanzi, naye akijivuta anajeruhi kidole. Chagua lenye nyuzi fupi zilizokatwa. Mikeka ya sponji ya vipande vinavyoshikana, pamoja na ile ya yoga, ina mshiko mzuri lakini hutafunwa. Iwekwe tu chini ya zulia, kingo zote zikiwa zimefunikwa. Taulo hukunjamana na kuteleza, kwa hiyo ni la kuvukia usiku mmoja. Sakafu ya waya haina utetezi wowote kwa sungura yeyote, sembuse huyu.

Magodoro mazito ya sponji yanayouzwa kama ya wanyama wazee tunayatilia shaka. Bonyeza kwa ngumi: ngumi ikizama hadi kifundoni, mguu wa sungura nao utazama, na kugeuka itakuwa kazi. Sentimita 2 hadi 3 za sponji ngumu chini ya zulia la manyoya zinatosha.

Halafu kuna suala la njia. Watu huweka zulia kwenye kitanda tu, kisha wanashangaa mbona sungura hatoki. Tandika njia isiyokatika, upana wa sentimita 50 hivi, kutoka pa kulala hadi kwenye trei, majani na maji. Pengo la vigae katikati ya njia, hata likiwa fupi, ndipo atakaposimama na kugeuka.

Trei ya choo

Trei za pembetatu za kuweka kwenye kona ndizo mbaya kuliko zote: ndogo, na zinamlazimisha mnyama kujikunja mahali panapomuuma. Zile kubwa zenye ukuta mrefu ni nzuri kwa ndani, ila kizingiti ndicho tatizo. Mwenye viungo vibovu anahitaji kizingiti cha sentimita 3 hadi 5, si 12.

Badala ya kununua trei maalumu, kata boksi la plastiki la kuhifadhia vitu, takriban sentimita 60 kwa 40. Chora mlango kwenye upande mrefu, upana wa sentimita 25 hadi 30, ukiacha sentimita 4 chini. Toboa tundu la milimita 6 kwenye kila kona ya chini ya mchoro kabla ya kuanza kukata, ili ufa usiendelee zaidi ya hapo. Kata kwa msumeno wenye meno madogo, kisha piga msasa hadi kidole kipite bila kukwaruzwa. Plastiki angavu kama kioo hupasuka. Tumia ile yenye ukungu mweupe inayopinda. Usifunike ukingo kwa utepe wa gundi, ataubandua na kuula.

Ndani weka peleti (punje zilizoshindiliwa) za karatasi, tabaka la sentimita 2 hivi, na majani makavu juu yake. Mchanga wa paka unaogandamana usitumike, ukimezwa huvimba. Peleti kubwa ngumu za mbao zinachoma visigino vilivyokwisha kuchoka. Majani ya kula yawe usawa wa pua, mwisho mmoja wa trei, asilazimike kusimama kwa miguu ya nyuma kuyafikia. Maji nayo yawe kwenye bakuli zito lisilopinduka, maana chupa ya kuning'inia inamlazimisha kuinua shingo kila mara.

Mteremko

Miteremko mingi inayouzwa ni mifupi mno na ina fito za mbao zinazogonga visigino. Kipimo cha kukumbuka: urefu wa ubao uwe mara tatu ya kimo anachopanda. Kimo cha sentimita 20, ubao wa 60. Upana usipungue 30, juu pawe na zulia la nyuzi fupi, na pembeni kuwe na ukingo mdogo. Kushuka huumiza viwiko na mabega kuliko kupanda, kwa hiyo sungura anayepanda vizuri na kusita juu hajakuwa mkaidi. Kwa maoni yetu, kama ghorofa ya kibanda inaweza kuondolewa, iondolewe, na pesa ya mteremko iende kwenye zulia.

Dawa na bomba la kupimia

Dawa ya maumivu na uvimbe ambayo madaktari wengi huanza nayo ni meloksikamu ya maji. Ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko kifaa chochote kilichotajwa hapa, na pia ndiyo inayokosewa zaidi, kwa sababu chupa nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mbwa au paka.

Kosa la kwanza ni ukali wa dawa. Kuna ya miligramu 1.5 kwa mililita na ya miligramu 0.5 kwa mililita. Chukua sungura wa kilo 2 ambaye daktari ameandika apate miligramu 1: kwa chupa ya kwanza hiyo ni takriban mililita 0.67, kwa ya pili ni mililita 2. Ukibadilishiwa chupa bila kubadilisha kipimo, unampa theluthi ya dawa au mara tatu yake. Kosa la pili ni bomba linalokuja ndani ya boksi. Mara nyingi alama zake ni kilo za mwili wa mbwa, si mililita. Sungura huivunja dawa hii haraka mwilini, hivyo dozi yake kwa kilo kawaida huwa kubwa kuliko ya mbwa. Ukivuta hadi alama ya kilo 2, atapata kidogo mno na utadhani dawa haifanyi kazi. Omba bomba la kawaida la mililita 1 au 2, na mwambie daktari aandike dozi kwa mililita pamoja na ukali wa chupa.

Tikisa chupa kabla ya kuvuta. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, kwenye pengo nyuma ya meno ya mbele, na sukuma kidogokidogo, mililita 0.2 kwa mara, kichwa kikiwa usawa wa kawaida. Ukikiinua juu, dawa inaweza kuingia mapafuni. Wengi huipenda ladha yake na huilamba wenyewe. Kwa matumizi ya muda mrefu figo zipimwe kwa damu kila baada ya muda ambao daktari atapanga. Usimwongezee dawa ya maumivu ya binadamu, na usikubali kirahisi steroidi. Mwili wa sungura huzivumilia vibaya. Akikataa kula kwa saa 12, hiyo ni dharura, iwe ni dawa au ni maumivu.

Mizani, joto na usafi

Mizani bapa yenye usahihi wa gramu 5 au 10 ni kifaa cha bei ndogo kinachodharauliwa. Kila gramu ya ziada inabebwa na viungo vilevile vinavyouma. Mpime mara moja kwa wiki, saa ileile. Kwa sungura wa kilo 2, gramu 100 ni asilimia 5 ya mwili: zikiongezeka punguza peleti za chakula, zikipungua bila wewe kupanga mrudishe kwa daktari. Majani makavu yasipunguzwe kamwe.

Kwa joto, kisahani kigumu kinachopashwa kwenye maikrowevu ni bora kuliko pedi ya umeme, kwa sababu waya na meno ya sungura havikai pamoja. Kifunike, ukiweke chini ya nusu tu ya kitanda, apate pa kuhamia akisikia joto. Hewa ikiwa ya joto, sahau kifaa hiki. Sungura huzidiwa na joto upesi.

Asiyeweza kujipinda hafikii kinyesi laini anachopaswa kukila, hivyo kinaganda nyuma, na mkojo unababua ngozi ya mapaja. Kagua kila siku, mara mbili kukiwa na nzi, kwa sababu mayai yao hugeuka funza upesi. Pamba na maji ya uvuguvugu vinatosha, kisha kausha hadi kwenye ngozi. Kumtumbukiza mwili mzima majini kunamtia hofu, na anapojitupa anaweza kuvunja mgongo. Kucha zikaguliwe kila wiki 4 hadi 6. Ndefu hubadilisha jinsi mguu unavyokanyaga.

Vya kuacha, au vya mwisho

Glukosamini na kondroitini, virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya viungo, hazina ushahidi wa kutosha kwa sungura. Ukinunua, iwe baada ya vyote vilivyotangulia, na soma lebo: vidonge vingi vya kutafuna vimejaa sukari au ladha ya nyama. Mikanda na bandeji za kubana miguu zitatafunwa kabla ya jioni. Vigari vya magurudumu vilibuniwa kwa miguu ya nyuma isiyofanya kazi. Mwenye yabisi mara nyingi ana viwiko vibovu pia, na kigari kinahamishia mzigo wote huko.

Kabla ya kubadilisha chochote, mpige video kutoka ubavuni akitembea mita 2, halafu rudia wiki 3 baada ya sakafu na dawa kuwekwa sawa. Tazama kama miguu ya nyuma inaruka pamoja au inaburuzwa mmojammoja, na kama anakaa na visigino vimenyooka mbele. Kama video mbili hazina tofauti, ipeleke ya pili kwa daktari kabla ya kununua kitu kingine.