Seti ya jahazi la Mary la 1660: bodi safi, mabawa ya kuchonga upya

Hii ni seti ya kuunda mfano wa mbao wa Mary, jahazi la Kiholanzi ambalo mji wa Amsterdam ulimzawadia Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza mwaka 1660. Jahazi lenyewe lilikuwa na mizinga 8, na mwaka 1675 liligonga miamba ya Skerries, karibu na kisiwa cha Anglesey huko Wales, likazama. Kipimo cha seti ni 1:50, kwa hiyo mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, wa futi 52 unakuwa na sentimita 32 hivi. Maelekezo ni ya Kiitaliano na Kiingereza. Naipendekeza kwa aliyekwisha kuunda walau chombo kimoja, tena kwa sharti kwamba mabawa, yaani mbao mbili za ubavuni zinazoteremshwa majini, yaliyomo kwenye boksi ayaweke kando na kuchonga mengine.

Ukifungua boksi, anza na mkuku. Ni plaiwudi ya milimita 4, nayo hupinda kirahisi. Ulaze juu ya kioo. Ukiona mwanga chini yake, ulowanishe upande ulioingia ndani, uugandamize kwa vitu vizito na uuache mpaka ukauke kabisa. Mkuku uliopinda haunyooki tena bodi, yaani kiwiliwili cha chombo, ikishafungwa. Walioko Dar, Mombasa au Zanzibar waziache papi zote, yaani vibao vyembamba vya kufunika bodi, nje ya boksi wiki nzima kabla ya kugusa gundi, kwa sababu zikija kuvuta unyevu wa pwani baada ya kugundishwa, zinatutumka na kufumuka kwenye maungio.

Mataruma, yaani mbavu za chombo, yamekatwa kwa leza na yanaingia vizuri. Kingo zake uzichonge kimshazari mpaka papi moja ikipitishwa juu ya mataruma matatu iguse upana wote wa kila kingo. Omo, yaani sehemu ya mbele, ya majahazi ya Kiholanzi ni nene na ya duara, na mataruma ya mbele yameachana mno kwa mkunjo ule. Jaza nafasi hizo kwa vipande vya mti mlaini, uvisugue vifuate umbo. Usipojaza, papi zitavunja mkunjo na omo itatoka na pembe.

Tabaka la kwanza ni papi za milimita 1.5 kwa 5. Ziloweke kwenye maji ya moto nusu saa, uzikunje kwa pasi, uzibane zikauke kwenye umbo lake ndipo utie gundi. Weka moja kushoto, moja kulia, kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, unavuta mkuku na bodi nzima inajipinda. Kuelekea omo punguza upana wa kila papi, lakini usishuke chini ya nusu yake. Papi inayolazimishwa kukunjika kwa ubapa wake huinua kingo, na hakuna msasa wa kuificha.

Tabaka la pili ni papi za mti wa jozi za milimita 0.5. Gundi nyeupe ina maji na huukunja ubao mwembamba hivyo, kwa hiyo hapa natumia gundi ya mpira, ile inayopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kidogo kabla ya kushikanisha. Piga msasa kwa mkono mwepesi, maana nusu milimita hutoboka upesi.

Sasa mabawa, maana humo ndimo Uholanzi wenyewe ulimo. Jahazi la maji mafupi halina mkuku unaoshuka sana majini, hivyo bawa la upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, huteremshwa ili chombo kisisukumwe kando na upepo. Seti inatoa vipande viwili bapa vya plaiwudi ya milimita 2, vinavyofanana kabisa. Bawa la kweli halikuwa hivyo. Uso wake wa nje ni bapa, wa ndani una tumbo, ukingo wa mbele ni mnene na wa nyuma ni mwembamba, kama bawa la ndege, ili maji yalivute kuelekea joshini, yaani upande upepo unakotoka. Kwa hiyo la kushoto na la kulia ni kinyume kimoja cha kingine, na hayabadilishani. Gundisha mbao tatu za milimita 4 ubavu kwa ubavu, chora umbo, kisha sugua uso wa ndani tu mpaka ncha ya chini ifike milimita 2. Vyuma vya kufungia mbao hizo vikate kwenye karatasi nene nyeusi.

Bawa lisining'inie likilala kwenye bodi. Weka kipande cha ubao kwenye ubavu wa jahazi ili liegemee hapo, na kingo za mbele za mabawa mawili zikaribiane kidogo kuliko za nyuma. Kamba ya kuinulia inatoka kwenye pembe ya chini ya nyuma na kurudi tezini, yaani nyuma ya chombo. Na tafadhali, usiyateremshe yote mawili. Tanga likiwa limetoka kulia, upepo uko kushoto, basi bawa la kulia ndilo liwe chini. Jahazi likiwa limetia nanga, yote mawili yawe juu.

Kapi zote za seti, yaani roda za kupitishia kamba, ni za milimita 5, yaani sentimita 25 kwenye chombo halisi. Hizo zinafaa henza tu, yaani kamba ya kupandishia foromali, mti unaoshika tanga. Kwingine nunua za milimita 3. Kitambaa cha tanga ni kizito mno, kitafute cha pamba kilichofumwa kwa kubana, na mistari ya mishono uichore kwa penseli kila baada ya milimita 13. Nakshi za chuma cha kuyeyusha zinakuja na dhahabu inayong'aa kupita kiasi. Zipake kahawia kwanza, kisha dhahabu kwenye sehemu zilizoinuka tu. Chini ya maji tumia nyeupe iliyochanganywa na manjano kidogo, kwa kuwa majahazi yale yalipakwa mchanganyiko wenye mafuta na salfa, na haukuwa mweupe wa chokaa.