Nimeipima Wikipedia ya kemia kwa pipa la sabuni

Mimi natengeneza sabuni Bombolulu, Mombasa, uani kwangu, chini ya mwembe. Sabuni ya maji ya vyombo na ya sakafu kila wiki, na miche ya sabuni ya mafuta ya nazi kila wateja wangu wa Kongowea wanapoagiza. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Watu huandika maoni yao kuhusu mikahawa na simu; mimi nataka kuandika kuhusu kitu ambacho kimeniponya mikono, nacho ni kurasa za kemia za Wikipedia na watu wanaozitunza bila kulipwa hata ndururu.

Nianze na gunia. Mwaka wangu wa kwanza, siku chache kabla ya Ramadhani, nilikwenda kwenye godauni moja Shimanzi kununua soda ya kutia kwenye sabuni ya maji, ile inayopunguza ukali wa salfoniki, asidi inayotiwa kwenye sabuni hiyo. Kijana akanipimia kilo tano kutoka gunia lililochanika, karatasi ya jina imebaki nusu. Punje ndogo nyeupe. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii ni soda gani?" Akasema, "Mama, soda ni soda." Nami nilikuwa sijui la kumjibu, nikalipa nikapanda matatu.

Nyumbani nikaimimina ndoo ya maji, ndoo ikapata moto mpaka nikashtuka. Nikatia mkono kuvunja madonge. Kwanza niliona utelezi, kama nimeshika sabuni iliyokwisha kuiva, halafu moto. Jirani yangu ndiye aliyenikokota hadi bombani akaniweka chini ya maji, hakuniachia mpaka adhana ya alasiri ilipoisha. Kovu liko mpaka leo baina ya kidole gumba na cha shahada. Ile haikuwa soda ya unga. Ilikuwa kostiki, ile soda kali inayounguza ngozi.

Mtoto wa dadangu, wakati huo yuko kidato cha tatu, ndiye aliyenifungulia ukurasa wa kostiki kwenye simu yake usiku ule. "Mama mdogo, hebu ona, ule utelezi ni mafuta ya ngozi yako yanageuka sabuni." Nilinyamaza. Kazi ninayoifanya kwenye sufuria ndiyo iliyokuwa ikifanyika mkononi mwangu.

Hapa kwetu neno soda limebebeshwa mizigo mingi. Kuna soda ya kunywa, soda ya kuoka, soda ya unga ya sabuni, kostiki, na magadi tunayochemshia maharagwe. Zile tatu za katikati ni vitu vitatu: NaHCO₃, Na₂CO₃ na NaOH. Ukikosea baina ya ya kwanza na ya tatu unaweza kupoteza jicho. Muuzaji haoni tofauti, na jina la mtaani halimsaidii kuiona.

Kilichonivuta kwenye kurasa hizi basi ni kile kisanduku cha kulia. Kila kampaundi yenye ukurasa uliotunzwa vizuri ina kisanduku kimoja cha mtindo mmoja: majina yake yote, mchoro wa molekuli, uzito, kiwango cha kuyeyuka, alama za hatari, na namba ya CAS, yaani namba ya kuitambulisha kemikali hiyo popote duniani. Kostiki ni 1310-73-2. Soda ya unga ni 497-19-8. Chumvi ya mezani ni 7647-14-5. Namba hizo hazijali unasema Kiswahili, Kichina au Kihindi, na magunia mengi yanayoshuka bandarini yamepigwa chapa yake. Sasa nikifika godauni siulizi tena hii ni soda gani. Nasema, "Kijana, nigeuzie gunia nisome namba." Kama namba imechanika, sinunui.

Na namba yenyewe ina kinga yake ndani. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua kostiki: acha ile 2 ya mwisho, zibaki 131073. Anza kulia ukizidisha kwa 1, kwa 2, kwa 3 na kuendelea: 3, 14, 0, 4, 15, 6. Jumla ni 42, na tarakimu ya mwisho ya 42 ni 2. Imekubali. Mara mbili nimekuta mtungi ulioandikwa kwa mkono namba ambayo hesabu yake haikubali, na mara zote mbili nikauacha pale pale.

Nilitaka kujua nani alizikagua namba hizi kwenye Wikipedia, kwa sababu kila mtu ananiambia pale yeyote anaweza kuandika chochote. Nikakuta habari ambayo ningependa watu wa Mombasa waijue. Ndani ya Wikipedia ya Kiingereza kuna kikundi cha wahariri wa kujitolea wanaoshughulika na kampaundi tu, wengine elementi tu. Namba za CAS hutolewa na taasisi iliyoko Columbus, Ohio, ambayo imekuwa ikiziorodhesha tangu 1965, na kwa miaka mingi kuzipata rasmi kulikuwa kwa kulipia. Wahariri walikuwa wakiziokota huku na huku, na makosa yakiingia. Mwaka 2008 taasisi hiyo ikakubali kushirikiana nao kuzihakiki, na mwaka 2009 ikafungua orodha ya bure ya karibu kemikali 8,000 za kawaida, ambayo mwaka 2021 ilipanuliwa hadi kukaribia 500,000. Watu wasio na mshahara waliisogeza taasisi kubwa ikafungua mlango. Hata alama ndogo ya tiki ya kijani utakayoiona kando ya namba kwenye kurasa nyingi ni kazi yao: maana yake mtu ameilinganisha na chanzo akaridhika. Waliwahi hata kuunda roboti ya kuchungulia kama thamani iliyokwisha kuhakikiwa imeguswa.

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba kurasa hizi ni za kubahatisha. Jarida la Nature mwaka 2005 liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi kutoka Wikipedia na kutoka Encyclopædia Britannica wazikague bila kujua ipi imetoka wapi. Walipata makosa 162 upande wa Wikipedia na 123 upande wa pili. Wikipedia ilishindwa, lakini haikuachwa mbali, tena ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Na kosa lililoonekana pale linaweza kurekebishwa siku ile ile. Kitabu changu cha shule hakijarekebishwa tangu nilipokinunua.

Ninalomwomba kila anayezitumia ni asiishie kwenye ukurasa wa mbele. Bonyeza "Majadiliano". Bonyeza historia. Humo ndimo kazi ilimo: huyu kaandika kiwango cha kuyeyuka, mwingine kauliza umekitoa wapi, wa tatu kaleta kitabu. Kostiki yenyewe, jedwali moja litakupa nyuzi 318, lingine 323. Mimi nilikuwa nikidhani namba ya kemia ni moja, imeteremka ilivyo. Kumbe kuna watu waliopima, na watu wanaochagua kipimo kipi kiaminiwe, na sababu zao unaweza kuzisoma. Hata tahajia walikaa wakaafikiana: kwenye kurasa za kemia watafuata majina ya IUPAC, chama cha kimataifa cha wanakemia, kwa hiyo Waingereza wakaiacha ph yao wakaandika sulfur, na Wamarekani wakaikubali i ya ziada ya aluminium. Nayapenda mapatano ya namna hiyo kwa sababu kila upande uliacha kitu.

Sasa mapungufu, na yapo.

La kwanza ni kwamba kurasa za Kiingereza zimeandikwa na wanakemia, na mara nyingi kwa wanakemia. Unatafuta kama kitu kinaunguza, unaanza kupewa maumbo ya fuwele. Ile almasi ya rangi nne ya hatari ndiyo inayoniokoa: kostiki ina 3 kwenye buluu ya afya, 0 kwenye nyekundu ya moto, 1 kwenye manjano ya kutotulia kwa kemikali, katika ngazi ya 0 hadi 4. Naitazama hiyo kwanza, maneno baadaye.

La pili lilinigharimu sabuni ya kilo ishirini. Kuna jedwali la kiasi cha alikali kinachohitajika kugeuza kila aina ya mafuta kuwa sabuni, na mafuta ya nazi yameandikwa 248 hadi 265. Msichana anayenisaidia alisoma akachukua gramu 256 za kostiki kwa kila kilo ya mafuta. Lakini jedwali lile linahesabu kwa KOH, alikali ya potasiamu, si kwa kostiki. Ukitaka ya kostiki unazidisha kwa 0.713, unapata gramu 183. Mimi hupunguza kidogo tena, natia 174, ili mafuta machache yabaki kulainisha ngozi. Tofauti ya 256 na 183 ni gramu 73 za kostiki zinazoelea kwenye mche mmoja baada ya mwingine zikingoja ngozi ya mtu. Miche yote niliitupa. Jedwali halikuwa na kosa, kipimo kimetajwa juu kwa herufi ndogo. Lakini mtu aliye kazini husoma namba, na onyo la hesabu hiyo lingepaswa kukaa karibu nayo.

La tatu, usitarajie mapishi. Wikipedia haitaki kuwa kitabu cha maelekezo, nao wanalishika hilo. Itakuambia kwamba maji ya klorini yakikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na hilo kila anayeosha vyoo vya hoteli huku Nyali anapaswa kulijua kabla hajachanganya chupa mbili. Haitakuambia utie nini kwanza kwenye pipa lako.

Mtandao ukisumbua, kuna programu ya bure iitwayo Kiwix inayokuwezesha kupakua mkusanyo wa kurasa za kemia peke yake na kuzisoma bila bando. Mimi ninao kwenye simu ya zamani niliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni, inakaa kando ya mizani.

Nije kwenye Kiswahili, ambako ndiko moyo wangu uliko. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003. Kurasa za elementi zipo, na aliyezianzisha alifikiri. Ukitafuta sodiamu utapelekwa kwenye Natiri. Mwanzoni nilikasirika, nikasema nani Mombasa anasema natiri? Baadaye nikaelewa. Alama yake duniani kote ni Na, kutoka natrium, nalo linarudi kwenye natruni ya Kiarabu, ambayo ndiyo magadi. Magadi yetu, yale yanayochimbwa ziwani Kajiado na kupakiwa meli hapa Kilindini. Humphry Davy alipoitoa elementi hii mara ya kwanza mwaka 1807, aliitoa kwa kupitisha umeme kwenye kostiki iliyoyeyushwa. Mwanafunzi anayejifunza sodiamu hukariri Na bila sababu. Wa natiri anayo sababu. Sasa natetea natiri, ila nataka sodiamu itajwe kwenye mstari wa kwanza kila mahali, kwa sababu shuleni Kenya na Tanzania kemia ya sekondari husomwa kwa Kiingereza na mtoto atatafuta kwa jina alilolisikia darasani.

Lakini kurasa nyingi za kampaundi nilizozifungua kwa Kiswahili ni aya moja au mbili, na chini yake yale maneno tunayoyajua, kwamba makala hii bado ni mbegu. Kisanduku hakuna. Namba ya CAS hakuna. Onyo hakuna. Mama wa Likoni anayeanza sabuni leo, asiyesoma Kiingereza, atapata maelezo ya kostiki kwa yule yule kijana wa Shimanzi.

Nikafungua akaunti. Hariri yangu ya kwanza ilirudishwa nyuma kabla sijamaliza chai. Niliandika juu ya kuunguza kwa kostiki kama nilivyoyapata, na mtu akaniachia ujumbe: "Karibu sana, Bi. Habari hii ni muhimu, lakini tunaomba chanzo." Niliumia. Nikamjibu kwamba chanzo ni mkono wangu. Akanieleza kwa upole, bila kuchoka, kwamba msomaji hawezi kuufungua mkono wangu akahakikisha, ila kitabu anaweza. Nililala na neno hilo siku mbili. Kisha nikaenda maktaba, nikatafuta kitabu cha usalama wa maabara, nikaandika upya sentensi zile zile na ukurasa wa kitabu mwishoni. Zimebaki mpaka leo, na mtu mwingine nisiyemjua amezirekebishia ngeli mahali pawili.

Kwa kurasa za Kiingereza za kampaundi, nawapa nyota nne na nusu kati ya tano, na nusu niliyoipunguza ni ya lile jedwali la KOH. Za Kiswahili nawapa mbili, na sitaipandisha kwa huruma, kwa sababu mimi ni mmoja wa wanaodaiwa.

Kwenye ukurasa wangu wa mazoezi nimeanza jedwali la mafuta ya kwetu, na nimeliwekea safu mbili, KOH na kostiki kando kwa kando, ili lililompata msichana wangu lisimpate mwingine. Mstari wa nazi umejaa, na chanzo nimekitaja. Wa mwarobaini nimeuacha mtupu. Nina vitabu viwili na kila kimoja kina namba yake, na bado sijapata sababu ya kuchagua kimoja.