Walimlegeza miguu, hofu wakamwachia

Nimekaa na jambo hili moyoni kwa wiki kadhaa nikijiambia kwamba hasira zikipoa nitaliandika kwa utulivu, lakini kila nikimtazama Popi anavyojikongoja kutoka jikoni hadi barazani hasira zinarudi upya, kwa hiyo naandika nikiwa nazo. Habari yenyewe ni ya kliniki moja ya mifugo hapa Tanga mjini, ambako nilimpeleka mbwa wangu mzee aliyekuwa akishikwa na hofu za ghafla, naye akatibiwa na mtu ambaye hakumgusa hata kwa kidole.

Popi ana miaka 13 na ushei. Marehemu mume wangu alimleta akiwa mdogo, ndani ya kikapu, kutoka kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, na miaka yote ameilinda nyumba yetu ya Sahare bila kubweka ovyo na bila kuogopa mtu wala mvua. Ndiyo maana nilishtuka sana masika yaliyopita, usiku mmoja kwenye saa saba, kabla hata tone la mvua halijaanguka, alipoinuka ghafla na kuanza kutweta kama aliyekimbizwa, mate yakimdondoka, akaizunguka meza mara nyingi nisizoweza kuhesabu, kisha akaenda kusimama kwenye kona ya mlango, upande wa bawaba badala ya upande unaofunguka, akabaki pale akitetemeka huku uso ameuelekeza ukutani, asijue namna ya kurudi nyuma. Radi ilipopiga baharini alijirusha dirishani, akararua wavu wa mbu na kung'oa ukucha. Usiku wa pili mambo yakawa yale yale, na wa tatu pia, ingawa usiku huo hapakuwa na mvua kabisa.

Kumfikisha kliniki kulikuwa kazi peke yake, kwa sababu madereva wawili wa bajaji waliniomba radhi kwamba mbwa hawawezi kumpakia, nami siwalaumu, kila mtu na dini yake. Nilikodi kirikuu, nikakaa nyuma na Popi juu ya godoro lake.

Daktari aliyetupokea ni mtu mzima, na nilipomkuta nilifarijika, maana utu uzima kwangu ni dalili ya uzoefu. Nilianza kumweleza: kutweta, kona ya mlango, usiku anakesha na mchana analala kama gogo, na mara mbili amekojoa sebuleni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu akiwa mtoto. Sikufika mwisho. Alinikatiza akiwa bado ameketi upande wa pili wa meza, akasema, “Bibi, mbwa huyu hana wasiwasi. Wasiwasi unao wewe.” Kisha akamgeukia msaidizi wake na kuongeza kwamba mbwa wa umri huu watu hawatibu, watu wanatafuta mwingine.

Nilifanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka 30. Nimewahi kutukanwa na wagonjwa, nimewahi kufokewa na madaktari, na yote hayo yalipita, ila neno lile limenikaa kooni mpaka leo. Sisi tulifundishwa kwamba mgonjwa hupimwa kwa mkono na kwa sikio kabla ya kupimwa kwa maneno, na mgonjwa asiyeweza kusema ndiye anayestahili kuguswa kwa uangalifu zaidi. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na sikutarajia kwamba mimi, mteja, ndiye ningemkumbusha mtaalamu wa mifugo kwamba hofu ya mnyama ni mateso.

Alichofanya ni kuamuru apigwe sindano ya kutuliza. Hakumpima uzito, alimkadiria kwa macho. Nilipouliza ni dawa gani niliambiwa ni “ya usingizi”, nikalipa elfu thelathini na tano, na nilipouliza kuhusu ukucha uliong'oka, kijana wa dirisha la malipo alinishauri nikampe diklofenaki ya watu. Diklofenaki! Dawa ya maumivu ambayo hata kwa binadamu tunaitoa kwa hadhari kwa ajili ya tumbo na figo, na ambayo kwa mbwa inaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo kwa kiasi ambacho kwetu ni kidogo. Ibuprofeni nayo ni hivyo hivyo. Kama ningekuwa mtu asiyejua dawa, ningeshampa.

Usiku ule mvua ilikuja na ngurumo zake. Popi alikuwa amelala ubavu kwenye jamvi, miguu imelegea kama kamba iliyolowa, hawezi kuinua hata kichwa, na mtu angepita mlangoni angesema mbwa amepumzika. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni kando yake. Utando wa ndani wa jicho ulikuwa umepanda hadi katikati, lakini jicho lenyewe lilikuwa wazi na linanitazama. Niliweka kiganja kifuani pake, nikakuta moyo unakwenda mbio kiasi kwamba nilishindwa kuuhesabu kwa saa ya mkononi. Kila radi ilipopiga ngozi ya mgongo ilimsisimka, na alitoa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama yeyote. Alikuwa anaogopa vilevile kama jana, tofauti ni kwamba jana angeweza kukimbia. Nililia, na siwezi kuona haya kulisema.

Kwa hiyo asubuhi ile hukumu yangu ilikuwa fupi: msiende. Na ningeiacha hivyo, ila haki inanidai niseme lililofuata.

Siku chache baadaye nilirudi kuchukua kadi ya chanjo niliyoisahau, nikiwa na Popi kwa sababu sikuthubutu kumwacha peke yake. Yule mzee hakuwepo. Alikuwepo binti mmoja, daktari kijana ambaye nadhani hajamaliza hata miaka miwili kazini, akanisalimia, “Shikamoo mama,” kisha badala ya kutuita mezani akaja akaketi kwenye saruji karibu na Popi, akanyoosha mkono, akasubiri. Alisubiri mpaka Popi mwenyewe alipounusa. Ndipo akaanza kumpapasa uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, taratibu, na alipobonyeza nyonga ya kulia Popi aligeuza kichwa ghafla na kujilamba midomo. Akarudia, Popi akafanya vilevile. “Hapa panamuuma, mama,” akasema. “Inawezekana pamemuuma muda mrefu.” Akamulika macho kwa kurunzi, akanionyesha mtoto wa jicho aliyeanza pande zote mbili.

Alinieleza kwamba dawa aliyochomwa ni asepromazini, ambayo hulegeza mwili bila kuiondoa hofu yenyewe, na ndiyo maana haifai peke yake kwa mbwa anayeogopa ngurumo. Alinieleza pia kwamba mbwa mwenye maumivu ya viungo akishtuka misuli inakaza, kiungo kinamuuma, naye anaunganisha maumivu na mlio, hivyo kila mlio unakuwa adui. Kuhusu kukesha usiku, kukwama kwenye kona na kukojoa ndani, alisema ubongo wa mbwa huzeeka kama wetu, na zipo dalili zinazofanana na za wazee wetu wanaopoteza kumbukumbu. Hakuniahidi kupona. Alimpima uzito kwa mizani, akampa dawa ya maumivu ya mbwa kwa kipimo chake, akaniambia nitandike majamvi kwenye vigae ili miguu ya nyuma isiteleze, niwashe taa ndogo usiku kucha, nisihamishe fanicha, nimlaze ukumbini mbali na madirisha, na nisimguse kabla hajaniona.

Popi sasa analala. Hatweti kila usiku; labda usiku mmoja au miwili kwa wiki, nami namketia karibu mpaka hofu ipite. Jioni tunakwenda polepole hadi mwisho wa mtaa, na juzi alikitikisia mkia kikapu cha dagaa cha jirani.

Kwa ajili ya binti yule nilikuwa tayari kufuta kila kitu na kuwaambia wenye mbwa wazee wote wa Tanga waende pale hata leo. Nimeshaandika sentensi hiyo mara mbili na mara mbili nimeifuta, kwa sababu wiki hii, mawingu yalipoanza kukusanyika, nilipiga simu kuuliza kama yupo, na aliyepokea ni yule mzee. Binti alikuwa ametumwa kwenye chanjo vijijini. Nilijieleza, nikamtajia jina la mbwa na matibabu aliyopewa na mwenzake, naye hakuuliza hali yake. Alinijibu, “Mlete tumchome sindano.”

Nilikata simu. Kwa hiyo nasema hivi: mkienda, ulizeni kwanza binti yupo au hayupo, na kama hayupo msishuke kwenye gari. Faili la Popi wanalo, nyonga yake imeandikwa humo kwa mkono wa daktari wao wenyewe. Elfu thelathini na tano zangu nimezidai kwa mdomo mara moja na kwa barua mara moja, sijajibiwa, na risiti bado ninayo.