Nimeuziwa babu aliyekufa kabla hajatambaa

Nyota moja, na hata hiyo nimeitoa kwa sababu mfumo haukubali sifuri.

Mavyaa wangu ni Mwingereza wa chai ya maziwa na mbwa juu ya kochi. Alipokaribia kutimiza miaka 80, mimi na mume wangu tukaumiza vichwa: tumpe nini mtu mwenye kila kitu? Ila ana neno moja hulirudia kila Krismasi: "Sisi kwetu Norfolk, baba alikuwa akisema." Hiyo ni kaunti ya mashariki mwa Uingereza, lakini ukimuuliza Norfolk ipi, kwa nani, hadithi imekwisha. Mimi nimezaliwa Kibokoni, Mombasa. Babu yangu alikuwa akituketisha barazani baada ya isha, fulani bin fulani bin fulani, unasinzia, unazinduka, naye bado hajafika Hadhramaut, kule Yemeni. Nikamwonea huruma mama wa watu asiyemjua hata baba wa babu yake.

Nikalipa kampuni moja ya mtandaoni, siitaji, paundi 300 na ushei. Walichoahidi ni "nasaba iliyothibitishwa". Neno hilo lishikeni.

Baada ya miezi kadhaa likaja bahasha kubwa: karatasi nzito, fremu ya mbao, mti wa ukoo wenye matawi mpaka miaka ya 1600. Mavyaa akalia. Akautundika ukumbini juu ya kabati la vyombo, na kila mgeni lazima apitishwe pale kabla hajapewa biskuti. Ungeniuliza wiki ile ningewapa nyota tano na shada la maua.

Kosa langu ni kazi yangu. Mimi mhasibu, hesabu isiyofunga hainipi usingizi. Usiku mmoja nikiwa napita tu kwenye faili lao nikaona mama mmoja kaolewa Juni 1723, na mtoto wake kabatizwa Februari 1723. Pembeni wameandika kwamba mtoto alizaliwa kabla ya ndoa. Haya, yanatokea. Lakini nikataka kuhakikisha, na kusoma kidogo tu kukanionyesha kwamba Uingereza ya wakati ule mwaka mpya haukuanza Januari, ulianza tarehe 25 Machi, na waliendelea hivyo mpaka 1752. Kwa hiyo Februari 1723 inakuja BAADA ya Juni 1723! Mtoto kazaliwa miezi minane baada ya harusi, tuseme alikuwa na haraka kidogo, lakini wa ndoa. Kampuni inayouza nasaba haijui kalenda. Miaka mia tatu huyo mama kalala na heshima yake, wao wamemvunjia.

Kutoka hapo nikawa mkizi. Nikafungua kila karatasi. Kuna "Jacobus" wa kwenye rejista ya kanisa ya Kilatini wakamwandika Jacob, ilhali rejista hiyo hiyo ikihamia Kiingereza inamwita James. Madogo hayo. Kubwa ni William.

William ndiye nguzo ya mti mzima, juu yake ndipo kila kitu kinaning'inia. Yeye tunamjua vizuri. Alifiwa na mke akaoa tena miaka ya 1840, na vyeti vya ndoa vya serikali, vilivyoanza 1837, vinataja baba wa bwana harusi: John, kibarua wa shamba. Sensa ya 1851 inamwonyesha ana miaka 53, inataja parokia aliyozaliwa, na nyumbani mwake yumo Mary, mama yake, mjane. Safi kabisa. Kilichobaki ni ubatizo wake. Kampuni wakamtafuta William mwana wa John na Mary mwenye jina lile la ukoo, ambalo Norfolk limejaa kama akina Juma Unguja, wakampata wa 1796, wakafunga kazi. Parokia siyo ile ya kwenye sensa, ni ya jirani. Sawa, jirani, walijitetea hivyo.

Picha za rejista zenyewe zipo mtandaoni. Wakati ule ubatizo na mazishi mara nyingi viliandikwa kitabu kimoja. Nikageuza ukurasa. Mmoja tu, wallahi. Mwaka uleule: amezikwa William, mtoto mchanga wa John na Mary.

Huyo ndiye waliyemuozesha wake wawili na kumpa watoto tisa.

Nikapiga simu. Kijana akasikiliza, akaniambia kwa sauti ya kubembeleza, "Mama, kwa kumbukumbu za kale namna hii, jina, mwaka na eneo vikilingana inatosha. Wateja wetu wengi wanafurahi." Nikamwambia mtoto amezikwa. "Huenda ni William mwingine." Nikamwambia basi thibitisha, si ndilo neno lenu? Akanyamaza kidogo, halafu: "Samahani, Kiingereza ni lugha yako ya kwanza? Maana mwandiko wa zamani hata sisi hutusumbua."

Niliangalia simu kama vile imeniuma. Kwa haki ya Mungu huenda hakukusudia. Mwandiko wa makasisi wale ni mateso kweli, s yao ndefu unaisoma f. Na hilo la William mwingine si la kipuuzi, kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina John na Mary wawili. Lakini hilo nililitafakari mimi, siku ya pili, bure. Yeye niliyemlipa alichotafakari ni lafudhi yangu. Hapana, alikusudia.

Nikaomba siku ya likizo, nikapanda treni mpaka Norwich, kwenye ofisi ya nyaraka za kaunti ya Norfolk. Mkoba unaachwa kabatini, kalamu ya wino marufuku, unapewa ya risasi kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilidhani nitapewa kitabu nikishike, kumbe unasoma mikrofilamu. Nilikuwa tayari kugombana na yeyote. Akaja bibi mmoja wa pale, mwenye miwani ya kamba, nikammwagia hadithi yote. Swali lake la kwanza: "Walitafuta mazishi?" Nilitamani kumkumbatia. Akasema yeye hamuozeshi mtu mpaka ahakikishe hajazikwa.

Akanirudisha kwenye parokia ya sensa, ile ambayo kampuni waliiruka kwa sababu hawakumkuta humo. "Usianze na mtoto. Anza na wazazi." Tukaipata ndoa ya John na Mary: 1799. Tangu 1754 ndoa zilikuwa zikiandikwa kwenye fomu zenye sahihi, na John hajui kuandika, ameweka msalaba, wino umevuja pembeni. Nilikaa na ule msalaba muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Lakini William ana umri wa 1797 au karibu yake! Bibi akanitazama juu ya miwani, akaniambia, "Sasa mtafute kwa jina la ukoo la mama."

Yupo. 1797, William, mwana wa nje ya ndoa wa Mary, jina la ukoo la kwa baba yake Mary. Ndiyo maana kompyuta zao hazikumwona.

Mimi hapo ningeshangilia niende nyumbani. Bibi akakataa, akasema bado hatujui kama John ni babake, huenda alimwoa Mary na mtoto wa mtu. Basi tukaingia kwenye makaratasi ya parokia yaliyokuwa yakitunzwa kwenye sanduku kanisani. Zama zile msichana akizaa bila mume, wasimamizi wa mafukara walitaka jina la baba, kisha wakambana baba huyo kwa hati ya dhamana atoe matunzo, mtoto asiwe mzigo kwa walipa kodi wa parokia. Nyingi zimepotea. Ya kwetu ipo. John, kibarua, parokia hiyohiyo, mtoto wa Mary. HUO ndio uthibitisho, na haukutaka programu wala algoriti. Tangu 1538, Thomas Cromwell alipoamuru kila kasisi aandike ubatizo, ndoa na mazishi, Waingereza wameandika. Kazi ni kugeuza ukurasa tu!

Kwa hiyo kampuni yangu tukufu, wa ndoa wakamtoa nje, na wa nje wakamtia ndani. Na kila jina juu ya William, mpaka huko 1600, ni babu wa watu wengine. Wenyewe labda hawana habari.

Kumwambia mavyaa kulinitia homa. Kwetu mtoto wa nje hafuati nasaba ya baba, na kumbe hata sheria yao Waingereza ilikuwa kali: wazazi kuoana baadaye hakukumhalalisha mtoto mpaka sheria ya 1926. Nikazunguka maneno nusu saa. Akacheka mpaka meno ya bandia yakataka kutoka. "Miaka miwili baadaye akamwoa? Basi alimpenda."

Nikaandika malalamiko. Baada ya barua nne wamekubali kosa, hawakusema samahani, wakanipa punguzo la oda ijayo. Oda ijayo! Nikawaambia nataka pesa yangu. Nilikuwa nimeanza kulainika, nikafikiri bila uzembe wao nisingeukuta ule msalaba wa John, labda nyota mbili, hata tatu. Juzi wakajibu: pesa itarudi yote, kwa sharti niwarudishie mti na fremu yake katika hali nzuri.

Mavyaa hautoi. Amechukua kalamu ya risasi, kioo kakiondoa, akaandika "mchanga, 1796" chini ya William wao, akachora mstari akaweka na wetu pembeni, akarudisha kioo. Anasema huyo mtoto hana mwingine wa kumtundika ukutani. Mume wangu anasema tuache. Paundi 300 na ushei, jamani.

Nyota moja.