Kitalu cha miche Tanga mjini: geuzeni shingo ya mche kabla hamjalipa

Nyota mbili, na zote ni za yule kijana anaebeba miche mpaka kwenye bodaboda bila kuomba ya soda. Jina la kitalu nalisitiri, ni majirani.

Nilichukua miche minne ya waridi ya kuunga, elfu saba kila mmoja. Mitatu haina shida. Wa nne wakati nauhamishia kwenye ndoo nikaona shingoni, pale mche unapoingia ardhini, kuna kauvimbe saizi ya karanga, keupe, laini, nikajua ndo pale walipounga. Miezi miwili tu kamekua kama ndimu, keusi, kagumu, kamepasukapasuka, na majani ya juu yananyong'onyea. Kurudi naambiwa "hilo fundo la nguvu dada, pulizia dawa ya fangasi". Nikanunua dawa, elfu kumi na mbili imeenda na maji.

Mdogo wangu anasoma kilimo SUA, nikamtumia picha wasap. Akasema da, hiyo fangasi wapi, huyo ni bakteria anaitwa Agrobakteriamu, anakaa udongoni anasubiri jeraha. Mti ukikatwa unatoa majimaji ya kidonda, yeye akiyasikia anasogea, halafu, hapa ndo nilichoka, ana kiduara cha DNA (yale maagizo ya urithi ya kila kiumbe) pembeni ya ile yake kubwa, anakata kipande cha hicho kiduara anakisukuma mpaka ndani ya seli ya mmea kinajichomeka kwenye DNA ya mmea wenyewe! Basi seli inaanza kupika homoni za kukua bila breki, ndo uvimbe huo, na inampikia na chakula anachokila yeye. Mgeni kaingia jikoni kabadilisha mapishi, wenye nyumba wanapika tu. Ndo maana hata bakteria wafe wote uvimbe unaendelea, maagizo yashabaki ndani ya mti.

Kumbe kajulikana tangu 1907, ila hiyo ya kuchomeka DNA imethibitishwa 1977 na Mmarekani Mary-Dell Chilton na wenzie, na siku hizi maabara wanamtoa mzigo wake wanampakia jeni (sio jini jamani, ni kipande cha DNA chenye agizo lake) wanayoitaka wao aipeleke kwenye mmea. Na viazi vitamu tunavyovipika na nazi, utafiti wa 2015 ulipima aina 291 zinazolimwa, zote zina DNA ya jamii ya huyo huyo, imo tangu enzi za mababu. Kuleni tu, hamvimbi.

Tatizo la kitalu ni kisu, ndo kinachoweza kumbeba huyo bakteria toka mche hadi mche. Nimesimama nikaangalia fundi anaunga miche kama kumi, kisu kile kile, anafutia kwenye suruali. Nikamwambia bosi wake kaka wekeni hata spiriti pembeni, akaniuliza kwani mie nimekuja kununua au kukagua.

Mche nimeung'oa nikauchoma na udongo wa ile ndoo siutumii tena. Bosi mwishowe akanipa mwingine wa fidia, nikaugeuza shingo, nao una kapele. Nikamrudishia nikachukua mchaichai, mdogo wangu kasema jamii ya nyasi huyo bakteria hana shughuli nazo sana.